Kabati Lililolia Alfajiri

Ushirika wa Kahawa Nduweni,
Moshi.
10 Machi 2025

Mzee wangu Eliufoo,

Shikamoo. Natumaini Mama Ruth hajambo na ng'ombe wanaendelea vizuri. Kindness sasa anakimbia, na amegundua kwamba sufuria hupigwa kwa mwiko, kwa hiyo nyumba yetu ya Njoro haina amani tena. Barua hii nampa Sirili wa gari la maziwa apande nayo hadi Mamba, maana simu yako inaita tu mpaka inakata.

Mzee, kabati letu la diski limekufa. Ni lile ulilolifunga kwa mikono yako, lenye diski kumi na mbili za kutunzia data zetu zote. Tarehe 20 Februari diski ya saba iliharibika, na tulipofungua mlango wa mbele tukakuta ya tatu ilishakufa siku nyingi. Unalijua kuliko mimi: diski moja ikifa linavumilia, zikifa mbili hakuna kitu. Barua na malipo tunazo kwenye nakala za nje. Ramani za vihamba, kila mkulima na shamba lake la kahawa, hazimo, kwa kuwa zilikuwa nzito na kila mwezi tulisema tutazinakili mwezi ujao. Ni wakulima elfu nne mia moja na ishirini na sita. Tuliwapimia kihamba kwa kihamba, kwa miguu, miaka miwili, na ramani zote zimepotea. Wanunuzi wa nje hawachukui gunia bila kujua limetoka kihamba gani, na mavuno yanaanza Julai.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza ni ushauri. Wazabuni wawili wameleta makabati mapya na mimi ndiye nimepewa kuyalinganisha. Nitakuandikia maelezo yake ukiwa tayari kuniumiza kichwa kama zamani.

La pili ni Kornel, kijana wetu wa chumba cha mashine. Kumbukumbu za mashine zinaonyesha kwamba ile diski ya tatu ilikufa tarehe 14 Novemba 2023, kabati likaanza kulia, na mtu akabonyeza kitufe cha kulinyamazisha. Mtu huyo ni Kornel, na hajakana. Mimi nilikuwa likizo ya uzazi, wewe ulikuwa bado mkuu wetu. Amesimamishwa kazi. Kamati inakaa tarehe 4 Aprili kuamua kama afukuzwe, na kwa kosa la namna hii akifukuzwa na ofisi moja amefukuzwa na mji mzima. Nani atamkabidhi mashine mtu aliyepoteza vihamba vya watu? Kama unakumbuka lolote la siku ile, niandikie.

Mwanao,
Winfrida


Mamba.
14 Machi 2025

Winfrida, Mama Kindness,

Marahaba mwanangu. Simu usihangaike nayo. Huku nyuma ya kilima mtandao unakuja kama ndugu wa Dar, mara moja kwa mwaka, na isitoshe mambo ya kazi huandikwa. Nilikufundisha hivyo siku ya kwanza ulipokuja na viatu vile virefu ukateleza kwenye sakafu ya chumba cha mashine.

Habari ya kabati imeniuma. Sitaki kuandika mengi juu ya hilo. Ramani zile niliziona zikizaliwa.

Kuhusu wazabuni, watakuja na picha za rangi na kukuambia kabati lao lina mbio. Waache waseme. Kisha waulize zikifa diski mbili siku moja itakuwaje, na tatu je. Uliza kama lina kichwa kimoja cha kuliendesha au viwili, na kimoja kikifa cha pili kinachukua kazi bila mtu kuamshwa usingizini au mpaka afike fundi. Uliza spea zinakaa wapi, na usikubali jibu la "tunaagiza". Muulize fundi, si muuzaji, alibadilisha diski lini mara ya mwisho na kwa nani. Akianza kutazama dari, umeshapata jibu.

Swali kubwa kuliko yote ni hili: likiharibika, linamwambia nani, na kwa njia gani? Mlio mimi siutaki. Chukua linaloandika. Lipeleke ujumbe kwenye simu, kwenye barua pepe, kwa watu watatu, wanne, hata kwa muuzaji mwenyewe. Hilo usipunguze bei yake kwa jambo lolote.

Kornel ni kijana mzuri ila ana haraka. Daftari langu mnalo hapo ofisini. Yaliyotokea siku ile yameandikwa humo, someni.

Mama Ruth anamsalimu Kindness. Anasema sufuria ni bora kuliko simu.

Eliufoo


Moshi.
19 Machi 2025

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimewauliza yote. Wa kwanza alitazama dari.

Hata hivyo kabati lake ndilo ninalolipenda. Diski zake zote ni za flashi, hazizunguki, na ramani ya kata nzima inafunguka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Linavumilia diski mbili kufa kwa pamoja. Lina vichwa viwili. Likiharibika linawasha taa na kulia, tena kwa sauti ambayo hata walinzi wa nje wataisikia. Ukitaka liandike ujumbe, hiyo ni huduma ya kando na inalipiwa kila mwaka.

La pili ni zito na la polepole. Lina diski ishirini na nne za kuzunguka, na ramani ile ile inachukua muda wa kutosha kumimina chai. Nalo linavumilia mbili, nalo lina vichwa viwili. Linaandika ujumbe kwa watu watano bila malipo ya ziada, na nakala inakwenda kwa fundi wao aliyeko Arusha, ambaye kwa mkataba anatakiwa kujibu ndani ya saa nne. Kwa bei ya la kwanza tunapata makabati mawili ya aina ya pili, moja likakaa hapa na jingine kwenye ghala letu la Himo, yakanakiliana kila siku.

Kwenye karatasi, la pili linaelekea kushinda, lakini moyo wangu uko kwa la kwanza. Mlio unafika papo hapo. Ujumbe mtu anaweza asiufungue. Ni wewe uliyetufundisha kuingia saa mbili asubuhi, kusimama dakika moja, kusikiliza, na kuandika daftarini. Sasa kwa nini mtu wa kusikiliza ananiambia nisitake mlio?

Na hilo ndilo linalonileta kwenye daftari. Nimelisoma. Tarehe 14 Novemba umeandika: "Saa mbili. Kimya. Hakuna hitilafu." Kumbukumbu za mashine zinasema kabati lilianza kulia saa kumi na moja alfajiri siku hiyo hiyo, na Kornel akalizima saa nne na dakika arobaini. Kwa hiyo saa mbili lilikuwa linalia. Kimoja kati ya hivi viwili kimekosea. Kamati imesema saa ya mashine ilipoteza majira kwa sababu umeme ulikuwa umekatika usiku ule, na kwamba mwandiko wako wa miaka thelathini na moja hauwezi kushindwa na saa ya Kichina.

Kornel anasema alikufuata akakuambia linalia, na wewe ukamwambia ni betri ya UPS, ile ya kushikilia umeme ukikatika, azime kelele. Anasema alidhani ni kweli, akazima. Sijamwamini, mzee, nasema wazi. Lakini anaapa. Naomba unijibu ndiyo au siyo: ulimwambia?

Winfrida


Mamba.
22 Machi 2025

Kwa Winfrida, na kwa Kamati ya Nidhamu,

Daftari ni sahihi. Asubuhi ya tarehe 14 Novemba 2023 kabati halikuwa linalia. Sikumbuki kumwambia Kornel azime chochote.

Eliufoo,
Mkuu wa Mashine (mstaafu)


Moshi.
7 Aprili 2025

Mzee Eliufoo,

Shikamoo.

Kamati ilikaa Ijumaa. Karatasi yako ilisomwa mara moja tu, ikatosha. Kornel amefukuzwa. Amerudi Himo kwa mama yake, anatengeneza simu kwenye kibanda. Wajomba wa Gladys, yule mchumba wake, wamerudisha posa. Wamesema hawawezi kumpa binti yao mtu aliyefuta mipaka ya watu, na baba yake Gladys mwenyewe ni mmoja wa hao elfu nne.

Jana Jumapili nilipanda kuja kwako ili usizisikie habari hizi kwa watu wa gari. Nilimbeba Kindness mgongoni kwenye matope yote yale kutoka barabarani. Nilikukuta nyuma ya nyumba unakata majani ya ng'ombe, mgongo wako kwangu, hatua kama ishirini. Nilipiga hodi. Nikapiga tena. Mara ya tatu niliita jina lako, na Kindness akalia kwa sauti ambayo ingemwamsha marehemu. Wewe uliinua mzigo wako wa majani ukaingia migombani bila kugeuka.

Basi nikashuka.

Kama umekasirika kwamba nilithubutu kukuuliza, nielewe kwamba nilikuwa na wajibu. Umenilea kikazi, nakuheshimu kama baba yangu. Lakini kumnyima hodi yake mtu mwenye mtoto mgongoni, hilo sikulitarajia kwako, na limeniumiza.

Winfrida


Mamba.
10 Aprili 2025

Winfrida mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi si mwandishi, utanisamehe mistari yangu. Mzee hajui kama nakuandikia, na Sirili nimemwambia akimwonyesha sitampa maziwa yetu tena.

Siku ile sikuwepo, nilikuwa kanisani kwenye kikao cha akina mama. Ningekuwepo ungekunywa chai. Mzee hakukunyima hodi. Hakuisikia.

Winfrida, mzee hasikii. Sisemi hasikii vizuri. Hasikii. Ilianza miaka minne iliyopita. Kwanza ziliondoka sauti nyembamba. Vifaranga, kengele ya baiskeli, simu. Nikimwambia simu inalia ananiambia nimeota. Sauti nene zilibaki, ndiyo maana ofisini hamkujua, na midomo alijifunza kuisoma haraka, mtu yule ana akili. Akikosa neno alikunja uso tu, na kwa kuwa alikuwa mkubwa wenu mlidhani amechukia, mkalirudia kwa sauti. Aliacha kwaya. Aliwaambia ni koo. Alikuwa akiimba besi tangu tukiwa vijana, na siku aliyorudisha joho alilala mchana kutwa.

Nilimwambia aende hospitali, awaambie na wakubwa wake. Alisema wakijua watamtoa kabla ramani hazijakwisha, na ramani zile alizipenda kama mtu anavyopenda nyumba anayojijengea. Basi nikanyamaza. Nilinyamaza mimi pia, andika hivyo.

Barua yako ameisoma mara tatu. Kisha akaenda bandani kwa ng'ombe akakaa huko mpaka uji ukapoa. Nilipomfuata aliniuliza kitu kimoja tu, kama huyo mtoto alilia sana.

Mimi nimemaliza. Usimwambie nimekuambia, ingawa atajua.

Mama yako,
Ruth


Mamba.
12 Aprili 2025

Winfrida,

Mama Ruth ameniambia alichofanya. Tumegombana, tumemaliza. Naomba radhi kwako na kwa mtoto.

Sasa nijibu swali lako la tarehe 19 Machi. Ndiyo. Nilimwambia.

Usiku ule umeme ulikatika, ukarudi alfajiri. Nadhani kurudi kwake ndiko kulikoiua diski. Niliingia saa mbili, nikasimama dakika moja kama kawaida yangu, nikaandika kimya, kwa sababu kwangu kulikuwa kimya. Saa nne na nusu Kornel alikuja mlangoni. Niliona midomo yake ikisema inalia. Mtu mzima mwenye akili angeuliza, ni nini kinalia? Mimi nilijua nikiuliza atafahamu kwamba nimekaa chumba kimoja na kitu kinacholia tangu asubuhi na sijui. Nikamwambia ni betri ya UPS, azime kelele. Hakuondoka. Alinitazama kama mtu anayetaka kubisha. Nikamwonyesha kidole, nenda. Akaenda.

Linalonisumbua zaidi ni yaliyofuata. Tangu siku ile mpaka nastaafu, miezi saba, nilijua kwamba kuna kitu kililia na sikukitazama. Mlango wa mbele wa kabati tuliufunga kwa ajili ya vumbi. Kuufungua ni sekunde mbili, na taa ya njano ingenieleza kila kitu. Sikuufungua. Niliogopa kukuta nilichojua nitakikuta, kisha niulizwe kwa nini sikusikia. Kila asubuhi nilipita mbele yake nikaandika kimya.

Halafu mwezi uliopita nikaandika uongo na kutia sahihi, na kijana wa watu amepoteza kazi na mchumba. Nimekuwa mwalimu wa watu wengi. Sijui ninajiita nani leo.

Uliniuliza kwa nini mtu wa kusikiliza hataki mlio. Sasa unajua. Nunua la pili.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya Kamati. Nimeeleza yote na nimewaomba wamrudishe Kornel. Wapelekee kwa mkono wako.

Eliufoo


Moshi.
30 Aprili 2025

Mzee wangu,

Shikamoo. Niliipeleka barua yako baada ya Pasaka. Jana wamekaa.

Mwenyekiti, Mzee Valerian, aliisoma mwenyewe, kwanza kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Alipomaliza alivua miwani. Alisema: "Eliufoo ametutumikia miaka thelathini na moja. Hatuwezi kumvua nguo mbele ya watoto wake kwa sababu uzee umempa wasiwasi wa dhamiri." Wenzake wote wakaitikia. Akaikunja, akaiweka kwenye droo yake, akafunga kwa ufunguo. Nilisema Kornel je. Akaniambia kijana atapata kazi nyingine, heshima ya mzee haipatikani nyingine.

Kisha wakaendelea na ajenda ya pili, ulinganisho wa makabati. Nilisoma taarifa yangu, nikaeleza na ushauri wako. Wamekubali la pili, mawili, moja hapa na moja Himo, bila hata kupiga kura, kwa kuwa ndivyo alivyosema Mzee Eliufoo. Nilitoka mle nikiwa nimeshinda zabuni, na barua yako ikabaki drooni.

Kuna jambo nami sijakuambia. Ulipostaafu nilikalia kiti chako. Kuanzia Julai mpaka Februari daftari ni mwandiko wangu. Miezi minane niliingia saa mbili, nikasimama, nikasikiliza kabati lililokwisha kuzimwa sauti, nikaandika kimya. Masikio yangu ni mazima. Macho yangu pia. Sikufungua mlango ule hata siku moja, kwa sababu wewe ulikuwa umesema pako sawa, na kufungua kungekuwa kama kukukagua. Ningefungua hata siku moja tu, diski mpya ingekaa na ramani zingekuwepo. Kamati haijaniuliza, nami sijasema. Nimekaa nikaangalia Kornel akifukuzwa.

Mkutano mkuu ni tarehe 17 Mei, pale uwanjani. Mwanachama yeyote anaweza kusimama. Wewe una kahawa, una kadi. Sikuombi, nakuarifu tu.

Winfrida


Mamba.
5 Mei 2025

Winfrida,

Nitakuja. Nikalishe mbele nione midomo.

Habari zako za miezi minane nimezisoma. Ungekuwa karibu ningekugombeza, kisha ningejigombeza mwenyewe. Nilikufundisha kuniamini mimi badala ya kutazama mashine. Lakini wewe si mwanafunzi tena, Mama Kindness, na sitakubebea huo mzigo kwa kusema ni wangu wote. Utajua mwenyewe pa kuutua.

Niandikie mama yake Kornel anakaa upande gani wa Himo.

Eliufoo


Himo.
1 Juni 2025

Mzee Eliufoo,

Shikamoo.

Jumamosi ya tarehe 24 ulipokuja kwetu na isale mkononi, lile tawi la kuombea radhi, sikusema neno, ukaondoka. Naona ulifikiri nimekukataa. Sikukataa. Mama aliniambia nje, mzee akikuletea isale huna pa kupita, unapokea. Nilitaka kukujibu, nikafungua mdomo, kisha nikakumbuka kwamba utalazimika kukisia maneno yangu kutoka usoni, na haya sikutaka yakisiwe. Ndiyo maana naandika.

Isale nimelipokea. Mama amelipanda uani. Hasira bado ninayo, sitakudanganya. Nikikuona barabarani nitakuamkia kwa adabu zote, na kuna siku nitakuwa nakuamkia nikiwa nimekunja ngumi mfukoni. Itakwisha, naamini, ila haijaisha.

Mkutano sikuja. Sirili amenisimulia. Anasema uliposimama Mzee Valerian alikuambia ukae chini, akakuambia mara nne, mara ya nne kwa kipaza sauti, na wewe ukiwa umeelekeza uso kwa wanachama hukusikia hata moja, ukaendelea mpaka mwisho. Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni kuangalia. Nilikuwa sijacheka tangu Februari. Anasema pia Dada Winfrida alisimama baada yako akaeleza miezi yake minane na barua yako iliyofungiwa kwenye droo, akiwa na mtoto mkononi.

Sasa nikupe habari ambazo huenda hazijafika Mamba. Wamenirudisha. Barua niliipata Jumatano. Dada Winfrida wamemsimamisha, na mimi nimeambiwa nikaimu nafasi yake. Makabati mapya yameshafika, moja liko hapa Himo ghalani, nimeliona, zito kweli. Nitalifunga wiki hii. Kisha tunaanza kupima vihamba upya, na nimeomba tuanzie Mamba. Wajomba wa Gladys nao wametuma salamu kwamba mlango uko wazi. Nimewaambia wasubiri, kwanza niongee na Gladys mwenyewe.

Pamoja na barua ya kurudishwa kulikuwa na fomu. Kamati inataka maelezo yangu ya maandishi juu ya upotevu wa ramani, ili wafunge jalada. Chini kabisa wameacha mstari mmoja: jina la aliyesababisha. Mzee Valerian alinipigia simu kunisaidia. Alisema, sasa imeshajulikana ni Winfrida, weka hilo, kijana, tusonge mbele. Alisema kwa upole, kama vile ananipa zawadi. Nilikaa na ile fomu siku tatu kwenye kibanda cha simu, watu wananiletea vioo vilivyopasuka na mimi siwaoni.

Mzee, kuna kitu sikuwaambia kamati wala sikumwambia Dada Winfrida. Niliwaambia nilidhani ni betri. Si kweli. Mlio wa betri ninaujua na mlio wa diski ninaujua, tulifundishwa chuoni kuitofautisha. Nilijua ni diski nikiwa bado kwenye korido. Niliposimama pale mlangoni kwako ndicho nilichokuja kusema. Wewe ukanionyesha kidole, na mimi nilikuwa na miezi mitatu kazini, nikataka uniseme vizuri. Nikaenda nikabonyeza nikijua ninachokibonyeza. Nilipofukuzwa nililia kwamba nimeonewa, na kweli nilionewa, maana walinifukuza kwa uzembe wa mtu asiyejua. Mimi nilijua.

Basi mstari wao nimeukata kwa kalamu. Nimeandika majina manne. Langu, la kwanza. Lako. La Dada Winfrida, na miezi yake. La Mzee Valerian, aliyeifungia barua ya kweli kwenye droo. Kila jina nimeeleza mtu alijua nini na lini, bila kuongeza. Nakala moja nimempelekea Dada Winfrida Njoro kabla ya kuituma. Aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza kama nina hakika na lile la kwanza. Nikamwambia ndilo pekee ninalolijua kwa hakika yote.

Kesho asubuhi naipeleka mwenyewe. Wakinifukuza tena, safari hii itakuwa kwa jambo nililolifanya.

Kornel